Hilo gemu hujalicheza, umeliangalia tu

Siku hizi kuna aina ya mtu, ukimtajia Red Dead Redemption 2, lile gemu la makauboi, anakujibu "aah hilo nalijua lote mpaka mwisho", ukimuuliza amelichezea wapi anasema YouTube. Kaangalia video moja ndefu ambayo mtu ameunga vipande vyote vya stori akatoa sehemu za kucheza, basi anabishana na wewe kuhusu Arthur Morgan, mhusika wake mkuu, kama vile walilelewa nyumba moja. Mpwa wangu ni mmoja wao. Juzi kaniambia, "Anko mimi sioni tofauti, stori si ni ileile? Wewe umehangaika nayo miezi, mimi nimeimaliza Jumamosi moja tena nimelala." Na dogo anajua kubishana, haropoki, ana hoja zake: PS hana, laptopu ya kuliendesha hana, gemu lenyewe kwenye kompyuta linataka nafasi ya GB 150, sasa bando la kushusha mzigo wa hivyo atalitoa wapi? Kwa hiyo simcheki. Nataka kumjibu, na namjibu kwa urefu kwa sababu naona wenye mawazo kama yake ni wengi, tena wengine ni watu wazima wana PS5 ndani inakula vumbi.

Ila kabla sijaenda mbali, humu nataja miisho ya magemu kibao na sitakuwa nasimama kila aya kuonya. Ukiona jina la gemu ambalo uko njiani unalicheza, ruka hapo.

Sisi wa kizazi cha PS2 ndio tuliocheza magemu ya stori bila stori, tukubaliane kwanza. Banda la gemu uswahilini, TV za chogo zimepangwa ukutani, PES, gemu la mpira, ndiyo mfalme, halafu kule kona kuna TV moja ya watu wa GTA San Andreas. Unalipia muda, mwenye banda ana saa yake na hana masihara nayo, sasa video ikianza nani akae amsikilize mtu anaongea Kiingereza cha mtaani kwao Marekani wakati hela yako inayeyuka? Bonyeza X, ruka, tukaendeshe magari. Memori kadi kuna mtu anayo lakini ni yake, haazimishi. Kwa hiyo kila siku CJ, mhusika mkuu, anashuka na ndege upya, kila siku polisi Tenpenny anamshusha kwenye teksi upya, kila siku tunaanza na ile baiskeli, halafu mtu anatoa mfukoni karatasi ya chiti iliyokunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, R1 R2 L1 X kisha mishale kushoto chini kulia juu mara mbili, hela inaingia, afya imejaa, kuanzia hapo ni fujo tu mpaka muda uishe.

Ungetuuliza wakati ule hilo gemu linahusu nini tungekuambia wizi wa magari. Kumbe ni stori ya mtu aliyerudi nyumbani mwaka 1992 kumzika mama yake baada ya kukaa mbali miaka mitano, akakuta mtaa umeoza, na yule bonge Big Smoke tuliyekuwa tunamcheka kwa jinsi anavyoagiza chakula ndiye aliyewauza wenzake. Mimi hilo nimelijua ukubwani, nimelicheza kwenye simu, hakuna mtu wa kuniambia muda umeisha. Na Kratos wa God of War je? Banda zima tulikuwa tunasema ni jamaa kajipaka chokaa. Ule weupe ni majivu ya mke wake na binti yake, aliwaua kwa mkono wake mwenyewe kwa hila ya Ares, mungu wa vita, majivu yakagandishwa kwenye ngozi asiweze kuyaosha maisha yake yote. Hiyo ipo kwenye gemu la kwanza kabisa la 2005, wala haijafichwa, sisi tuko bize tunagombania pedi.

Sasa Kratos huyohuyo ndiye nitakayemtumia kumjibu mpwa wangu, maana gemu lake moja wengi mnalo humohumo kwenye simu: Chains of Olympus, lile la PSP la 2008, watu wanalichezea kwenye PPSSPP, app inayoigiza PSP kwenye simu. Kule karibu na mwisho Kratos anafika Elysium, peponi kwa Wagiriki, anamkuta binti yake Calliope. Ili akae naye inabidi aziache nguvu zake zote, na kweli anaziacha, unajiona umebaki mtu wa kawaida tu huna hata kisu. Halafu anaambiwa ukweli: wakati wewe umekumbatia mtoto, dunia inabomolewa, na ikibomoka mtoto naye anapotea nayo. Kwa hiyo lazima azirudie nguvu zake, na akishazirudia hawezi kubaki pale. Mtoto anamkimbilia, anamng'ang'ania. Hapo ndipo inakuja ile alama ya duara kwenye skrini, ileile ambayo tangu mwanzo wa gemu umekuwa ukiibonyeza haraka haraka kuinua mageti na kuchana mazimwi, na sasa unaambiwa uibonyeze haraka haraka umsukume mtoto wako akuachie.

Ukiangalia YouTube utaona baba anamsukuma mtoto. Inauma, sikatai. Lakini kidole hakikuwa chako. Mimi pale nilivuta muda, nikajua kabisa kwamba nisipobonyeza hakuna mtu mwingine wa kubonyeza, na nikibonyeza ni mimi niliyemsukuma. Hiyo ndiyo stori yenyewe, ile sekunde, wala sio maneno waliyosema kabla yake. Waliolitengeneza walijua wanafanya nini, wamekuzoesha kitufe kimoja gemu zima, umeshaacha kukifikiria, halafu wanakugeuzia.

Turudi kwa Arthur, maana ndiye aliyeanzisha ugomvi. Mpwa wangu anajua kwamba Arthur anaugua kifua kikuu, na anajua kakipata wapi, anaweza kukutajia mpaka jina, Thomas Downes. Sawa. Ila kwenye gemu inakuwa hivi: sura ya pili, uko kambini, yule mkopeshaji wa genge, Strauss, anakutuma ukakusanye madeni. Ni kazi moja kati ya kazi nyingi, wala haina uzito, unapanda farasi unaenda shambani kwa mtu, unambana, unapiga, mzee anakohoa, damu inamrukia Arthur usoni, mkewe anapiga kelele, basi imepita. Unarudi kwenye maisha yako, unawinda kulungu, unacheza poka, unamnyoa Arthur ndevu. Masaa na masaa yanapita umeshasahau, halafu siku moja mjini Saint Denis Arthur anaanguka barabarani na daktari anamwambia anachoumwa. Yule wa YouTube kati ya tukio la kwanza na la pili amepitisha chakula cha mchana. Wewe umepitisha wiki, na katika hizo wiki ulikuwa unaishi na mtu mgonjwa bila kujua.

Na hapa kwetu TB sio ugonjwa wa kwenye sinema za zamani. Kila mtaa una nyumba iliyowahi kuwa na kile kikohozi, watu tunajua watu wanavyokonda, tunajua habari za vidonge vya miezi sita. Arthur yuko 1899, dawa hakuna, streptomycin yenyewe imekuja miaka ya 1940. Kuanzia sura ya sita unamlisha nyama, unamlisha kila kitu, haongezeki. Ukifungua menyu unakuta anaandikwa uzito pungufu na huna la kufanya. Hiyo menyu kwenye video za YouTube hawaionyeshi kwa sababu sio "stori". Mimi nakuambia ndiyo iliyonishika kuliko hotuba zote za Dutch, kiongozi wa genge.

Halafu farasi. Wangu nilimpa jina Bajaji, kwa sababu alikuwa hakati kona vizuri. Gemu linakuacha umpe farasi wako jina, umpige brashi, umlishe karoti, umtulize akiona nyoka, na kadiri mnavyoshinda pamoja ndivyo anavyokuzoea na kukusikiliza. Unaweza kuona ni upuuzi, nimeona watu wanalalamika kabisa kwamba gemu linapoteza muda na mambo ya farasi. Kwenye misheni ya mwisho ya Arthur mnakimbizwa, farasi wa John, mwenzake Arthur kwenye genge, anapigwa risasi, na wako anapigwa. Sio farasi wa stori aliyeandaliwa, ni yuleyule uliyemfuga, jina ulilompa wewe. Muda hakuna, maadui wako nyuma, John anamhimiza, na Arthur anapiga magoti pembeni ya farasi anamwambia asante. Mpwa wangu aliona farasi wa mtu mwingine anakufa, farasi wa mzungu fulani wa YouTube, hata jina lake hakulijua. Mimi aliyekufa ni Bajaji.

Nilipomwambia hivyo akanijia na hoja ngumu kweli, na nampa haki yake. Akasema, "Sasa anko, hapo kuna uamuzi gani? Ubonyeze usibonyeze farasi anakufa, mtoto anasukumwa. Gemu linakulazimisha, kwa hiyo na wewe ulikuwa unaangalia tu, ila kwa jasho."

Tuichukue The Last of Us ya 2013, ambayo haina uamuzi hata mmoja wa maana, yote imeshaandikwa. Mwisho wake Joel, ambaye ndiye unayemcheza, anaingia kwenye chumba cha upasuaji kumtoa Ellie, msichana aliyesafiri naye, anajua madaktari wakimfungua kichwa huenda dawa ya ule ugonjwa ulioangusha dunia ikapatikana, na anajua Ellie atakufa. Daktari anasimama mbele yake na kisu. Silaha iko mkononi mwako, hakuna video inayokusaidia, na gemu haliendelei mpaka umalize na yule daktari. Wengi tulimpiga risasi bila hata kufikiri, tumeshaua watu wengi mpaka kufika pale, mmoja wa ziada ni nini? Wengine wanasimama pale wanazunguka chumba wanatafuta njia nyingine, hakuna. Hao wote wawili wamepata kitu ambacho mtazamaji hawezi kukipata: mmoja amegundua jinsi alivyozoea, mwingine amegundua kwamba Joel hataki kile anachokitaka yeye. Kulazimishwa nako ni kuhisi kitu. Tena pale Joel anapomdanganya Ellie mwishoni, wewe ni mshirika, ulikuwepo chumbani.

Lakini kuna kulazimishwa na kulazimishwa. Spec Ops: The Line, la 2012, lile la Dubai iliyofukiwa na mchanga, linakupa mtambo wa kurusha fosforasi nyeupe juu ya kambi, unaona vidoti vyeupe tu kwenye skrini, ukimaliza linakutembeza katikati ya maiti unakuta raia, mama na mtoto. Watu wanalisifu sana kwa hapo. Mimi lilinikera. Lilininyima njia nyingine halafu likaanza kunisimanga kana kwamba nilikuwa nayo. The Last of Us haikusimangi, inanyamaza, inakuachia mzigo wako ubebe mwenyewe, na ukimya huo ndio ninaousifia.

Na ya pili, Part II, ndiyo ushahidi wangu mkubwa kwamba muhtasari sio gemu. Aprili 2020 stori ilivuja mtandaoni, gemu likatoka Juni, miezi miwili yote hiyo watu wanasoma mistari kumi wanachukia. Joel anakufa mapema, aliyemuua ni Abby, binti wa yule daktari, halafu unalazimishwa kumcheza huyo Abby karibu nusu ya gemu. Ukiisoma hivyo na mimi nachukia! Lakini kuna mbwa anaitwa Alice. Ukiwa Ellie unamuua, mbwa wa adui, anakuvamia, unamaliza, unasonga. Masaa kadhaa baadaye siku zinarudishwa nyuma, uko mikononi mwa Abby, na mbwa yuleyule anakuletea mchezo, unamrushia, anafukuzia, anakurudishia. Unarusha huku unajua. Hakuna mhtasari wa YouTube utakaokuweka hapo. (Kule Santa Barbara mwishoni naona walirefusha bila sababu, gemu lilishaisha pale shambani, lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine na najua kuna watu watanifuata.)

Ili nisionekane namwonea dogo, yapo magemu ambayo ukiangalia YouTube hupotezi kitu. Uncharted 4 kwa mfano. Nilicheza, nikafurahi, ni sinema nzuri ya kutafuta hazina, lakini mikono yangu ilikuwa inapanda ukuta na kupiga watu risasi, na stori inaendelea kivyake pembeni. Angalia tu, hifadhi bando. Na kuna kuangalia kwa aina nyingine ambako mimi nakuhesabu ni kucheza kabisa, na huko ni pale mnapokaa wengi na pedi moja.

Detroit: Become Human sisi tulilicheza nyumbani wakati wa sikukuu, kwenye PS4 ya mdogo wangu. Ni la 2018, la Wafaransa wa Quantic Dream, una wahusika watatu ambao ni maroboti yenye sura za watu, na kila sura ikiisha linakuonyesha mchoro wa njia ulizopita na zile ulizoziacha. Mama yangu alikuwa amekaa nyuma anachambua mchele, hana habari na sisi. Ikafika pale Kara ametoroka na yule mtoto Alice, usiku, mvua inanyesha, hawana hela, hawana pa kulala. Unaweza kulala kwenye gari bovu, unaweza kuingia kwenye nyumba mbovu ambayo huijui, au uibe nguo kwenye duka la kufulia na hela dukani ukalale motel. Sisi tunajadiliana, mdogo wangu anasema tusiibe, gemu litatuadhibu. Sauti ikatoka nyuma: "Mtoto analowa hapo nyie mnafanya mkutano?" Tukageuka. Mama, mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa kwaya, ameshaweka ungo chini. "Chukua hizo nguo. Zimo kwenye mashine, mwenyewe kalala." Tukachukua. Tukaingia dukani, tukachukua hela. Alice akasikitika kumwona Kara anaiba, gemu likaonyesha kabisa kwamba uhusiano wao umeshuka, na mama akaijibu TV, "Utashukuru ukilala pakavu."

Kuanzia usiku ule hatukuruhusiwa kucheza sehemu ya Kara bila yeye. Alikuwa hashiki pedi, hajui hata X iko wapi, lakini kila Kara alipokuwa anaulizwa jambo na ule muda unahesabu kurudi nyuma, ni mama anayejibu, na anajibu kwa hasira. Za Connor na Markus hazikumhusu, "hao wanajitegemea". Sasa nambie, nani alicheza lile gemu, mimi niliyeshika pedi au yeye? Kama huna konsoli, tafuta mwenye nayo ukakae naye. Kaa ubishane naye anapochagua. Hapo umecheza.

Kuna gemu moja ambalo ningependa kila mtu aanze nalo, hasa mwenye shida na Kiingereza, maana halina Kiingereza: Brothers: A Tale of Two Sons la 2013, la Josef Fares, Mswidi aliyezaliwa Beirut ambaye alitokea kwenye kutengeneza filamu. Wahusika wanaongea lugha ya kubuni, unaelewa kwa mikono na nyuso zao. Baba anaumwa, watoto wawili wa kiume wanaenda kutafuta maji ya kumponya. Kidude cha kushoto cha pedi ni kaka mkubwa, cha kulia ni mdogo, kila mmoja na kitufe chake, na mwanzoni ubongo unachanganyikiwa kabisa wanagongana kwenye miti. Mdogo anaogopa maji, mama yao alizama, kwa hiyo kila mkifika mtoni anapanda mgongoni kwa kaka yake. Kaka anakufa. Mdogo anarudi peke yake, anafika mtoni, unasukuma kidude chake, anaingia maji yanamfika magotini anarudi nyuma. Unajaribu tena, anarudi. Hakuna maandishi ya kukusaidia. Mpaka mkono wako wa kushoto, ambao umekaa bure tangu kaka afe, unabonyeza kitufe cha kaka, na mtoto anaogelea. Linaisha kwa masaa matatu hivi, lipo mpaka kwenye simu, na kompyuta yoyote ya ofisini inalimudu.

Ushauri sasa, maana kuna wanaoniuliza. Washa sabutaito kabla hujabonyeza kitu kingine chochote, wale makauboi wanameza maneno hata wenyewe kwa wenyewe sidhani kama wanaelewana. Red Dead sura ya kwanza kule kwenye barafu ni nzito, watu wengi wanaacha hapo wanasema gemu bovu. Vumilia mpaka mshuke milimani, hapo ndipo linapoanza. Weka ugumu chini kabisa kama umekuja kwa ajili ya stori, hakuna mtu anayetoa cheti, na kupigwa na bosi yuleyule usiku kucha kunaua stori kuliko kitu chochote. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo jua gemu lako linasevu saa ngapi, ukiona kaalama kanazunguka kwenye kona usizime.

Na lililo kubwa kuliko yote, usiende Google kuuliza "mwisho mzuri unapatikanaje". Kwenye The Witcher 3 kuna Baron, mlevi, alikuwa anampiga mkewe, mke na binti wakamkimbia, na wewe Geralt unatafuta walipo. Katikati unakutana na roho imefungwa chini ya mti. Ukiifungua, watoto yatima kule kinamasini wanapona, ila mke wa Baron anakufa na Baron anajinyonga. Ukiiua, mke anaishi lakini akili imekwenda, Baron anampeleka mbali kumtafutia tiba, na wale watoto wanaliwa. Nimeona watu wanarudisha sevu mara nne wanatafuta njia ya tano. Haipo njia safi, Wapolandi wale waliandika hivyo makusudi, na ukiisoma kwanza mtandaoni ukaja kuchagua kama unachagua kwenye menyu ya hoteli, Baron akining'inia unaona sawa tu, ulishajua. Chagua bila kujua, likiharibika liache limeharibika, endelea.

Wenye simu tu msijione mmeachwa. Papers, Please, la Lucas Pope, limeingia kwenye simu 2022, ni dogo, picha zake ni za kizamani, na wewe ni ofisa uhamiaji kwenye kibanda mpakani. Foleni, karatasi, mihuri, mshahara kwa idadi ya watu, na nyumbani una familia inataka chakula na joto. Anapita mume, karatasi zake safi, anakuomba umwonee huruma mke wake yuko nyuma yake. Mke anafika, kibali hana. Ukimpitisha utaandikiwa kosa, na makosa yakizidi unakatwa hela. Yeyote aliyewahi kusimama Tunduma au Namanga upande ule wa dirisha akimbembeleza mtu, acha akae kidogo upande wa pili aone jinsi anavyoanza kuwachukia watu wanaochelewesha foleni. Life is Strange nalo lipo kwenye simu, la wasichana wawili na kurudisha muda nyuma, na kuna sehemu kwenye episodi ya pili ambapo nguvu ya kurudisha muda inagoma ghafla, msichana yuko juu ya paa, na kitakachomwokoa ni kama ulikuwa unasoma vitu chumbani kwake au ulikuwa unapita tu. Mimi nasoma kila karatasi kwenye magemu tangu hapo, kila barua, kila ukuta.

Na Tales of Kenzera: Zau la 2024, msiliache kwa sababu ya alama walizolipa wahakiki wa kizungu. La Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyekuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Alimpoteza baba yake, gemu likatoka humo: kijana mganga anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, anataka kubadilishana naye arudishiwe baba. Mapigano yake ya kawaida, kuruka kuruka kwingi, sehemu nyingine nilikuwa natukana kimoyomoyo. Lakini Kalunga ni mzee mpole anayetembea na kijana safari nzima na kumshauri, na sijaona gemu lingine lililomchora mauti akiwa mtu wa kukaa naye mkaongea hivyo.

Kwa sasa niko kwenye Disco Elysium, la 2019, na naenda nalo polepole sana kwa sababu lina maneno zaidi ya milioni moja na kamusi iko pembeni. Hakuna vita, ni mpelelezi mlevi ameamka chumbani hakumbuki hata jina lake. Tai yake imening'inia kwenye feni ya dari. Nilimtengeneza akiwa na akili nyingi na mwili dhaifu, nikamwambia aichukue tai, akanyoosha mkono, moyo ukasimama, akafa. Gemu ndiyo kwanza linaanza. Mpwa wangu alikuwa pembeni anaangalia, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akasema nimpe pedi yeye angeanza na suruali.